Adana au Urfa, baklava au künefe: ule nini Uturuki ukiwa na siku chache

Safari yangu ya kwanza Istanbul nilikwenda kufuata mzigo wa nguo Laleli, na siku nne mfululizo nilikula kuku na chipsi. Si kwamba chakula kilikosekana. Kilikuwa kingi mno, majina sikuyajua, na picha zilizobandikwa kwenye vioo vya migahawa niliziona zote kitu kimoja: nyama, mkate, nyanya ya kuchoma, pilipili ndefu ya kijani. Mtu akiogopa kuuliza anaangukia anachokijua. Safari zilizofuata nilijirekebisha, na siku hizi mwenzangu yeyote akishakata tiketi ananipigia simu: "Kule nile nini?"

Mimi namrudishia swali: utakuwa mji gani, na utakula saa ngapi? Kwa Waturuki chakula kina kwao na kina saa yake. Kuna samaki wa baridi, kuna supu ya alfajiri, na kuna nyama ambayo ukiifikia saa tatu usiku umekuta mabaki. Kwa hiyo sitakutajia kila kilichopo. Nitaweka viwili viwili vile vinavyochanganya watu, na nitasema nani achukue kipi. Bei siandiki, maana lira inavyobadilika, bei ya mwaka jana haikusaidii kitu.

Nyama ya mkaa: Adana au Urfa

Hizi kebabu mbili, zilizopewa majina ya miji yao, ndizo zinazosumbua wageni kuliko zote. Zote ni nyama iliyokatwakatwa ikashikana, ikabandikwa kwenye chuma kipana na bapa, ikachomwa juu ya mkaa. Ukiletewa sahani mbili bila kuambiwa, utazitofautisha kwa wekundu tu. Adana ina pilipili, Urfa haina. Na kichekesho kiko hapo, kwa sababu watu wa Urfa wenyewe ni wapenzi wakubwa wa pilipili. Wana yao nyekundu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, inaitwa isot, na wanaitia karibu kila mahali. Lakini kwenye menyu za Istanbul neno "Urfa" limeshakuwa na maana ya "isiyowasha". Ukiulizwa acılı au acısız, swali ni hilohilo: yenye pilipili au isiyo na pilipili.

Mtu aliyekulia kwenye pilipili mbuzi asiogope Adana. Inachangamsha ulimi, haikutoi jasho.

Tofauti kubwa kuliko ya pilipili ni ya mkono. Adana ya kweli haisagwi kwa mashine. Fundi, wanamwita usta, anashika kisu kikubwa kilichopinda kama mwezi mchanga, kinaitwa zırh, anakiyumbisha huku na huku juu ya nyama ya kondoo na mafuta ya mkia mpaka vishikane. Anachovya mkono kwenye maji, anachota donge, analibana kwenye chuma kutoka juu kwenda chini, na vidole vinaacha mabonde mabonde. Nyama ikianza kudondosha mafuta kwenye mkaa, anachukua mkate mwembamba wa lavaş, anaugandamiza juu yake unyonye, kisha nyama inarudi motoni. Mimi huo mkate ndio ninaoufuata. Nyama ni kisingizio.

Kwa hiyo kabla ya kukaa, angalia jiko. Ukiona mkaa na ukaona nyama inabandikwa hapo hapo, chagua Adana. Ukiona nyama imetolewa kwenye friji, imenyooka kama soseji, zote zinalingana na hata alama za vidole hazina, agiza şiş, yaani vipande vya mraba, ambavyo ndiyo mishikaki yetu na si rahisi kuviharibu. Mwenye njaa ya mbeba mzigo aseme bir buçuk, moja na nusu. Ataletewa sahani moja iliyoongezwa nusu, na hakuna atakayemshangaa.

Kuna ya tatu ambayo wageni wengi wanaipita. Inaitwa cağ kebabı, ya Erzurum, mji wa mashariki wenye baridi kali. Nyama ya kondoo imepangwa kwenye chuma kirefu kilicholazwa, siyo kilichosimamishwa, na pembeni yake kuna moto wa kuni. Fundi anakata vipande anavitunga kwenye kijiti kidogo, analeta mezani, ukimaliza analeta kingine, mpaka useme basi. Istanbul utaipata Sirkeci, vituo vichache vya tramu ya T1 kutoka Laleli. Mpenda kondoo aanzie hapa, hiyo Adana ataikuta kesho.

Döner au İskender

Shawarma mnaijua. Hata neno lenyewe limetoka kwenye çevirme, neno la Kituruki la kugeuza, na döner ni kile "kinachozunguka". Döner unaila umesimama, ndani ya mkate au ndani ya dürüm, ambayo ni chapati nyembamba iliyokunjwa. İskender ni döner ileile iliyokalishwa mezani: vipande vya mkate chini, nyama juu, mchuzi wa nyanya, mtindi pembeni, halafu anakuja mtu na sufuria ndogo ya siagi inayochemka anaimimina mbele yako, sahani nzima inaguna. Kwao ni Bursa, ilikoanzia karne ya 19, na ukipita Bursa bila kuila watu watakuuliza ulikwenda kufanya nini.

Kwa döner mambo ni mawili tu, saa na mnara. Mnara mzuri wa nyama unasimamishwa asubuhi, unaiva kuelekea adhuhuri, na kwa mafundi wenye sifa unakwisha alasiri. Ukipita usiku mkubwa ukaona mnara bado mnene, jiulize. Halafu utazame ubavu wake. Ukiona tabaka tabaka za nyama na mistari ya mafuta, hiyo ni yaprak, nyama ya vipande. Ukiona laini kama nguzo iliyopigwa plasta, ni nyama ya kusaga. Ya kuku ipo, ni rahisi kuliko zote, lakini kuku huyo unaye nyumbani.

İskender ni ya mtu asiye na kazi baada ya hapo. Niliwahi kuila saa saba mchana nikiwa na miadi ya kufunga mzigo saa nane. Nilihesabu pisi mara tatu na kila mara nikapata idadi tofauti. Na kama mtindi juu ya nyama haukupendi, au huupendi, useme mapema: yoğurtsuz. Ukisema hivyo utakuwa umeikosa pia mantı ya Kayseri, vimaandazi vidogo vya nyama vinavyochemshwa na kumwagiwa mtindi wa kitunguu saumu. Kayseri wanajisifu kwamba mke hodari anafunga vidogo mpaka kijiko kimoja kibebe arobaini. Mimi nilihesabu kumi na vinne nikaona inatosha.

Mchana wa wenyeji

Sehemu hii naiandika kwa kusisitiza, maana ndiyo inayookoa pesa na tumbo. Tafuta esnaf lokantası, mgahawa wa watu wa kazi. Ni mama ntilie wa kule: masufuria yamepangwa nyuma ya kioo, moshi wa vyakula unapanda, wewe unaonyesha kwa kidole. Huna haja ya Kituruki. Ukitaka kuonja vingi, sema az, yaani kidogo, ukilitanguliza kwenye kila jina, upewe sahani ndogo ndogo. Nenda saa sita, saa saba. Ikifika saa kumi vile vizuri vimeshakombwa.

Hapo ndipo utakutana na kuru fasulye na pilav, maharage meupe ya mchuzi wa nyanya na wali. Ndiyo, wali na maharage. Nimesikia Watanzania wakicheka: nisafiri saa saba angani nikale wali maharage? Kale. Maharage yao yamepikwa na siagi, wakati mwingine na pastırma, ile nyama kavu ya viungo, yanaiva mpaka ngozi haisikiki mdomoni. Kuna safu nzima ya migahawa ya maharage inayotazamana na msikiti wa Süleymaniye, kutembea dakika chache kutoka Laleli; zamani mahali hapo paliitwa soko la walevi wa kasumba, leo ulevi ni wa maharage. Ila wali usiudai bizari. Pilav na pilau ni neno moja, chakula ni viwili: pilav ni wali mweupe wa siagi wenye vipande vya tambi vilivyokaangwa vikawa kahawia.

Na kwenye kioo hichohicho utaona bilinganya mbili zinazofanana, zote zimepasuliwa katikati na kujazwa. Moja ni karnıyarık, "tumbo lililopasuliwa", ina nyama ya kusaga na huliwa ya moto. Ya pili ni imam bayıldı, "imamu alizimia", ina kitunguu, nyanya na kitunguu saumu, imepikwa kwa mafuta ya zeituni na huliwa imepoa. Wengine wanasema imamu alizimia kwa utamu, wengine wanasema alizimia alipoambiwa mafuta yaliyotumika. Ambaye hali nyama, hiyo ya pili ndiyo yake, na ajifunze neno zeytinyağlı, kwa sababu karibu kila kilichoandikwa hivyo ni mboga iliyopikwa kwa mafuta ya zeituni. Wasioijua wanaagiza imam bayıldı halafu wanalalamika kwamba imeletwa baridi. Haijasahauliwa jikoni, ndivyo inavyoliwa. Mimi, kwa ukweli wangu, nachukua karnıyarık. Bilinganya ya baridi bado hatujaelewana.

Asubuhi: supu, simit au meza nzima

Aliyezoea supu ya makongoro asubuhi atajisikia nyumbani mapema. Kelle paça ni supu ya kichwa na miguu, işkembe ni ya utumbo, na mezani kuna kikombe cha siki iliyolowekwa kitunguu saumu, ukoleze mwenyewe. Migahawa ya supu hizi hukesha, kwa hiyo ndege yako ikitua saa kumi usiku, unajua pa kwenda. Kati ya hizo mbili, paça ni nzito na inanata midomo, işkembe ni nyeupe na laini zaidi. Asiyetaka viungo hivyo aombe mercimek, adesi zilizosagwa na ndimu ya kukamulia, haijawahi kumkosea mtu.

Upande wa pili kuna kahvaltı. Neno lenyewe ni kahve na altı, yaani kile kinacholiwa kabla ya kahawa. Ukiagiza serpme unajaziwa meza: jibini za aina aina, zeituni, nyanya, matango, mayai, jamu, asali na kaymak. Kaymak ni malai mazito, unayapaka kwenye mkate moto ukayamwagia asali, na hapo mazungumzo mezani yanakatika. Mji wa Van ndio wenye jina kwa kahvaltı, na jibini yao ina majani ya porini ndani. Lakini serpme ni ya watu wawili na kuendelea, na ni ya Jumapili. Ukiwa peke yako na una duka la kuwahi saa tatu, nunua simit, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, na chai. Panda feri Eminönü kwenda Kadıköy, ule juu ya sitaha huku ndege wa baharini wakikukodolea macho.

Mayai ya menemen ni kama mayai yetu ya nyanya na hoho, ila mabichi mabichi, unachovya mkate. Usiulize hadharani kama yatiwe kitunguu. Mwaka 2018 mwandishi wa chakula Vedat Milor aliwauliza Waturuki Twitter, zikapigwa kura zaidi ya 400,000, kitunguu kikashinda kwa kidogo tu, na ugomvi haukuisha.

Lahmacun, pide na gözleme

Wakikuambia ni "piza ya Kituruki" uliza ipi. Lahmacun ni nyembamba kama karatasi, ina nyama ya kusaga iliyopakwa, unaikamulia ndimu, unaijaza majani, unaikunja kama mkeka unakula. Jina limetoka kwenye Kiarabu, nyama na unga. Ya mji wa Antep ina kitunguu saumu, ya Urfa ina kitunguu maji. Moja haishibishi, agiza mbili. Pide ni nene, imejikunja pembeni kama ngalawa, imejaa jibini au nyama, na moja inatosha. Gözleme ni chapati nyembamba iliyokunjwa na mchicha au jibini ndani, inaokwa kwenye chuma kama tawa letu. Ukishakula piza ya Zanzibar pale Forodhani, utamtambua binamu yake. Ni nzuri ukiiona inasukumwa mbele yako, vinginevyo iache.

Samaki, na lile suala la kome

Mkate wa samaki, balık ekmek, unauzwa karibu na daraja la Galata na kila mgeni anaununua. Ule kwa ajili ya mahali, maji, feri na kelele. Samaki mwenyewe mara nyingi ni wa barafu kutoka Norway, na miba midogo haikosekani. Samaki wa kukaa naye mezani ni suala la mwezi. Kuanzia katikati ya Aprili hadi Septemba meli za nyavu kubwa zinapumzishwa kwa sheria, hivyo levrek na çipura utakaoletewa kiangazi wengi ni wa kufugwa. Si wabaya, ila usidanganyike kwamba wamevuliwa asubuhi hiyo.

Ukitua Trabzon au Rize, pwani ya Bahari Nyeusi, uamuzi ni rahisi. Wakati wa baridi kula hamsi. Ni dagaa wabichi, wamepakwa unga wa mahindi, wamepangwa kwenye kikaango kwa duara mkia ndani kichwa nje, wanageuzwa wote kwa mpigo kama chapati. Kiangazi hamsi hakuna wa maana, kwa hiyo kula kuymak, wengine wanaita muhlama: unga wa mahindi, siagi nyingi na jibini inayovutika mpaka inakupita mabega. Ugali umeolewa mahali penye pesa. Usiumalize peke yako.

Kwenye samaki nina kidonda. Kuna mgahawa mmoja kando ya maji niliingia jioni nimechoka, nikaonyesha samaki kwa kidole kwenye barafu, nikakaa. Vikaletwa visahani vya pembeni ambavyo sikuvitaja nikadhani ni ukarimu. Bili ilipokuja nilidhani nimeletewa ya meza ya jirani. Samaki anapimwa kwa kilo na visahani vinahesabiwa. Uliza ne kadar, bei gani, kabla samaki hajaondoka kwenye barafu.

Sasa midye dolma, kome waliojazwa wali wa viungo. Muuzaji amesimama na sinia barabarani, anafungua gamba, anakamua ndimu, unatupia mdomoni, anafungua lingine, mnahesabu magamba mwishoni. Ni tamu kweli. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Waturuki wengi ni Hanafi, na kwa madhehebu hayo kiumbe wa baharini asiyekuwa samaki haliwi. Kwa hiyo utaona wengine wanaikwepa sinia hiyo kabisa, na wengine wanakula bila kujali. Sisi wa pwani, wengi wetu Shafi, mlango wetu ni mpana zaidi. Kiangazi lakini, sinia lililosimama juani tangu mchana, hilo ni suala la tumbo si la fikihi. Liache. Mkenya aliyemiss mutura aende kwenye kokoreç, utumbo wa mwanakondoo uliozungushwa kwenye chuma, ukachomwa, ukakatwakatwa na pilipili ukatiwa kwenye mkate. Saa yake ni usiku.

Vya tamu: baklava au künefe

Baklava ni ya Antep. Mji unaitwa Gaziantep, lakini wenyewe husema Antep, kama vile Şanlıurfa ni Urfa tu. Mwaka 2013 baklava yao ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya kama bidhaa ya mahali hapo, ya kwanza kutoka Uturuki, na 2015 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya miji ya upishi. Unga unasukumwa mpaka unaona mkono wako kwa upande wa pili, tabaka juu ya tabaka, katikati pistashio za kijani zilizovunwa mapema, samli, kisha shira. Nzuri unaijua kwa sikio: ukiichoma uma inalia, haizami kimya. Mzee mmoja dukani alinifundisha kuigeuza, chini kuwe juu, ile sehemu yenye shira iguse kaakaa. Vipande vitatu vinatosha. Usishindane.

Künefe ni ya Hatay. Nyuzi za kadayıf, kama tambi mbichi, juu na chini, katikati jibini isiyo na chumvi, inaokwa kwenye sahani ya chuma mpaka iwe kahawia, inamwagiwa shira na kuletwa inachemka. Jibini ndani ya kitu kitamu inawatisha watu wetu. Haina ladha ya jibini unayoijua. Inavutika tu, na kazi yake ni kupunguza sukari mdomoni. Ukiiacha ipoe umeiua, inakuwa mpira.

Kwa hiyo chaguo liko hivi. Künefe ile palepale, baada ya nyama, ikiwa ya moto, wawili mgawane sahani moja. Baklava unaweza kuila saa yoyote na unaweza kuibeba. Anayependa sukari ya wastani asichukue yoyote kati ya hizo, achukue sütlaç, wali wa maziwa uliounguzwa juu. Anayetaka kuifuata künefe kwao Antakya, mji mkuu wa Hatay, ajue kwamba tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 liliubomoa mji ule vibaya. Apange safari kwa kuuliza kwanza.

Na kaimati? Zipo, zinaitwa lokma, neno letu na lao yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, tonge. İzmir ukiona foleni barabarani na sufuria kubwa ya mafuta, simama kwenye foleni, usitoe pochi. Mara nyingi ni familia inayomkumbuka marehemu wao na kugawia wapita njia. Unapokea, unamwombea, unakula.

Cha kushushia

Ayran ni mtindi, maji na chumvi, na ndiyo ndoa halali ya nyama ya mkaa. Mkenya aliyezoea mala atashtuka chumvi mara ya kwanza, mara ya tatu ataiomba mwenyewe. Pembeni ya Adana lakini wataleta pia şalgam, na hapa nawaonya. Ni maji ya zambarau, mazuri kwa macho kama juisi ya zabibu. Nilikuwa na kiu, nikapiga nusu bilauri kwa mkupuo. Ni maji ya karoti nyeusi yaliyochachushwa kwa chumvi. Fundi jikoni aliona uso wangu akageukia ukutani kucheka. Ukipenda achari na siki utaipenda. Kama hupendi, kaa na ayran.

Chai haina maziwa, na ukiyaomba utatazamwa kwa huruma. Inachemshwa kwenye birika mbili zilizopandana, rangi juu, maji chini. Sema demli ukitaka nzito, açık ukitaka nyepesi. Kahawa useme sukari kabla, kwa sababu inapikwa nayo: sade bila sukari, orta ya wastani. Kunywa maji yaliyoletwa kwanza, kahawa baadaye, na ukifika kwenye matope acha. Ni chungu kama ya vijiwe vya Stone Town, ila tangawizi hamna na kashata hamna, badala yake kipande cha lokum, ambacho aliyekula halua atakitambua, ingawa samli yake imetolewa.

Aliyekwenda wakati wa baridi ana boza na salep. Salep ni maziwa moto yaliyoongezwa unga wa kiazi cha okidi, mdalasini juu, kila mtu anaipenda. Boza ni togwa. Kabisa: nafaka iliyochachuka kidogo, nzito ya kijiko, ina ugwadu, wanatia mdalasini na dengu za kukaanga. Kuna duka mtaa wa Vefa linaiuza tangu 1876, nyuma tu ya Süleymaniye. Wazungu wengi wanaonja kijiko kimoja wanaiacha. Mimi niliongezewa ya pili.

Kama una saa sita tu

Wengi wetu tunapita Istanbul tukielekea Ulaya au Marekani. Ndani ya uwanja wa ndege vyakula hivi vyote vipo na vyote vimepoa. Ukiweza kutoka mjini mchana, mpango wangu ni lokanta, sahani tatu za az, halafu baklava tatu na chai, basi. Usijaribu İskender kabla ya kupanda ndege.

Na ya kubeba nyumbani, mwambie muuzaji kuru baklava, ile kavu yenye shira kidogo, iliyotengenezwa kwa safari. Ile ya kawaida itavujisha shira mpaka kwenye nguo za wateja wako, na hilo lilishanipata mimi. Aifunge kwa plastiki kabisa, uiweke kwenye mkoba wa mkononi ikiwa imelala, na ukifika usiitie kwenye friji. Uchukue sanduku moja zaidi ya watu uliowahesabu.